Una hati ya kukamatwa: uende mahakamani mwenyewe, uingie kituoni, au umtangulize wakili?

Jumatano moja jioni chalii wa Sanawari, hapa Arusha, alinikuta nafunga ofisi. Ni mgumu, yaani anabeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro, na alikuwa ameshuka siku hiyo hiyo. Ngozi ya pua ilikuwa imebabuka kwa jua la kule juu. Akanipa simu yake bila hata kukaa. Mjomba wake, ambaye ndiye aliyemdhamini, alikuwa amemtumia picha ya karatasi yenye muhuri wa mahakama, na chini yake maneno mawili tu: "Umeniua, mjomba."

Kesi yenyewe ilikuwa ya ugomvi wa kilabuni, shambulio, na dhamana alishapata zamani. Tarehe ya kutajwa ikaangukia siku ya nne ya safari ya njia ya Machame. Kampuni ilimpigia usiku kuwa kuna kundi la wageni, kesho yake asubuhi akapanda, na tarehe ikamtoka kichwani. Mahakamani jina likaitwa, hakuna mtu. Hakimu akatoa hati ya kukamatwa.

"Kaka, sasa niende wapi? Mahakamani watanipeleka gereza la Kisongo. Polisi watanilaza. Wakili sina hela."

Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wakili, na swali hilo naletewa mara nyingi kuliko swali la mirathi. Njia anazokuwa nazo mtu ni hizo hizo tatu alizozitaja. Kila moja ina mahali pake, na kila moja nimeiona ikimfaa mmoja na kumuumiza mwingine.

Soma karatasi kwanza

Hati ya kukamatwa, au waranti kama wengi tunavyoiita, ni amri ya mahakama. Hakimu au jaji anaisaini, inagongwa muhuri wa mahakama, na inawaelekeza polisi wamkamate mtu aliyetajwa na kumfikisha mbele ya mahakama hiyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka kosa lielezwe kwa kifupi na mtu atajwe jina au aelezwe vya kutosha. Hiyo siyo hukumu. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hajatiwa hatiani, na anayetafutwa kwa waranti bado yuko upande huo wa mstari.

Kwa kawaida kabla yake kunakuwa na wito, ile samansi inayokutaka ufike mwenyewe siku fulani saa fulani. Ukiupuuza, ndipo waranti inafuata. Ila hakimu akiletewa maelezo ya kiapo yanayomridhisha, anaweza kuitoa moja kwa moja bila kukuita kwanza. Na polisi kwa makosa kadhaa hawahitaji waranti kabisa kukukamata, kwa hiyo kusema "nionyesheni waranti" si ngao ya kila siku kama sinema zinavyotufundisha.

Tofautisha pia na makaratasi mengine. RB uliyoandikiwa kituoni ni namba ya taarifa tu. Agizo la mkuu wa wilaya au wa mkoa la kumweka mtu ndani hadi saa 48 lina sheria yake, na halitoki mahakamani.

Yule kijana nilimwambia akuze ile picha, tukaisoma mstari kwa mstari: mahakama gani, namba ya kesi, jina, kosa, saini, muhuri. Jina la kati lilikuwa limekosewa herufi moja. Akachangamka, "Basi siyo mimi!" Ni wewe. Namba ya kesi ni yako, mtaa ni wako, na mshtakiwa mwenzako yupo hapo hapo juu yako. Kama kila kitu kingekuwa cha mtu mwingine, hapo tungeongea mengine.

Kitu cha mwisho cha kutafuta kwenye karatasi ni kama hakimu ameandika maelekezo ya dhamana: kiasi cha fedha, idadi ya wadhamini, na siku ya kufika. Kama yapo, polisi watakaokukamata wanaweza kukuachia kwa masharti hayo hayo. Ya kijana wangu haikuwa nayo.

Waranti haiozi. Inabaki hai hadi itekelezwe au ifutwe na mahakama iliyoitoa, na inatekelezeka popote Tanzania Bara, kwa hiyo kuhamia Mererani au Dar kunabadilisha mandhari tu. Watu wa Arusha tungepaswa kulijua hili kuliko wote, maana mji huu ulikaa na Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda hadi ilipofungwa Desemba 2015. Mmoja wa waliotafutwa na mahakama ile, Fulgence Kayishema, alishtakiwa mwaka 2001, na akakamatwa Paarl, Afrika Kusini, Mei 2023. Sheria yao na yetu ni vitu viwili, lakini subira ya karatasi ni ile ile.

Na kama taarifa ya waranti imekufikia kwa simu ya mtu asiyejulikana anayetaka utume elfu hamsini "ili tuifute kimya kimya", huyo ni tapeli, au ni mla rushwa. Hakuna mahali polisi au karani anapofuta amri ya hakimu. Hata dhamana yenyewe haiuzwi.

Vigezo vinne

Kwanza, uwezekano wa kulala ndani. Ndicho kinachowakosesha watu usingizi, na nakielewa. Pili, gharama, pamoja na siku za kazi zinazopotea. Tatu, kasi: lini waranti itafutwa na utembee bila kugeuka nyuma kila unapopishana na pikipiki ya polisi. Nne, kitakachobaki kwenye jalada, na hiki watu hukisahau. Sheria inahesabu kuwahi kupewa dhamana na kukiuka masharti yake, au kutoroka, kuwa sababu ya kunyimwa dhamana. Kwa hiyo namna unavyorudi ni ushahidi. Hakimu hakujui, anajua alichoandika siku ulipoitwa hukuitika, na atakachoandika siku utakapotokea.

Kujipeleka mahakamani

Unaenda asubuhi, mapema, kwa mahakama ile ile iliyotoa hati, wewe na wadhamini wako. Unamwona karani, unampa namba ya kesi, unamwambia umesikia kuna waranti na umekuja mwenyewe. Jalada linatafutwa, mwendesha mashtaka anaarifiwa, na wakati wowote hakimu atakapopata nafasi unapanda kizimbani kujieleza.

Kulala ndani: kunawezekana, ila ukifika asubuhi na wadhamini wako wenye karatasi kamili, hatari ni ndogo kuliko njia nyingine. Karatasi kamili maana yake barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, kitambulisho cha NIDA, na chochote kilichotajwa kwenye masharti ya mwanzo. Gharama: nauli, picha za paspoti, na siku moja ya mdhamini. Kasi: mara nyingi siku hiyo hiyo. Jalada: hakuna kinachosomeka vizuri kuliko "mshtakiwa amefika mwenyewe".

Kijana wa Sanawari alichagua hii. Alhamisi saa moja na nusu walikuwa nje ya mahakama, yeye na mjomba wake, hawasemeshani. Alikuwa na barua ya kampuni yenye tarehe za kupanda na kushuka. Karani alilitafuta jalada kwa muda mrefu, akalikuta chini ya chupa ya chai. Askari wa mahakama akamweka mahabusu ya pale pale hadi saa nane mchana, kijana akaniambia baadaye kuwa saa zile zilikuwa ndefu kuliko usiku wa kilele. Hakimu alipomsikiliza hakuipokea barua kwa tabasamu. Alimuuliza swali moja: "Mlima ulikuambia tarehe, au mahakama ndiyo iliyokuambia?" Kisha akaifuta waranti, akaendeleza dhamana, akaongeza mdhamini mmoja.

Isikudanganye. Mwingine niliyemsindikiza alikwenda Ijumaa saa nane mchana, mdhamini wake amesahau barua ya mtaa nyumbani Usa River. Hakimu hakuwa na cha kushika. Alilala Kisongo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili.

Njia hii inamfaa mwenye kesi inayodhaminika, sababu inayoelezeka, na wadhamini wa kweli. Haimfai mwenye kosa lisilo na dhamana, kwa mfano mauaji au unyang'anyi wa kutumia silaha, anayeingia peke yake akidhani ustaarabu wake utabadilisha sheria.

Kuingia kituoni

Hapa unaenda kituo kilichopeleleza kesi, unamuulizia mpelelezi wako, na unajisalimisha. Wao wanakukamata rasmi kwa hati ile na kukupeleka mahakamani. Sheria inataka aliyekamatwa kwa waranti afikishwe kwa hakimu bila ucheleweshaji usio wa lazima, na anayekukamata anapaswa kukueleza kilichomo, na kukuonyesha hati ukiomba.

Kulala ndani: hatari ni kubwa zaidi kidogo. Sababu si lazima iwe ubaya wa askari. Kati ya kaunta ya kituo na kizimba kuna gari, mafuta, zamu, na mpelelezi aliyekwenda Karatu kwenye tukio jingine. Ukiingia jioni, umelala. Kama waranti ina maelekezo ya dhamana, hesabu inageuka, unaweza kuondoka pale pale. Gharama: kisheria hakuna, na usikubali iwepo, ukiambiwa "toa ya mafuta" jibu ni hapana la heshima, na TAKUKURU wapo. Kasi: siku moja hadi mbili, tatu kama kuna wikiendi katikati. Jalada: umejisalimisha, ni vizuri, mradi ieleweke hivyo. Nimeona aliyeingia kwa miguu yake akafika mahakamani kama "amekamatwa". Nenda na ndugu, aangalie unavyoandikwa kwenye kitabu cha matukio, na akumbuke jina la askari aliyekupokea na saa.

Kuna wanaofaidika sana na njia hii kuliko ya kwanza. Mmoja ni yule ambaye mahakama iliyotoa hati iko mbali. Uko Arusha, waranti imetoka Babati au Kiteto. Ukikamatwa nje ya eneo la mahakama ile unaweza kufikishwa kwanza kwa hakimu wa hapa, na suala la dhamana likaanzia hapo. Mwingine ni anayeogopa watu kuliko anavyoogopa serikali: mlalamikaji ana ndugu wengi mtaa wa Unga Limited na wameapa kulipiza. Mwenye hofu hiyo, kaunta ya polisi ni mahali salama kuliko korido ya mahakama. Wa tatu ni ambaye mashtaka hayajasomwa bado, upelelezi unaendelea, na hati ilitolewa ili apatikane. Jalada lake bado liko mezani kwa mpelelezi.

Isimfae nani? Asiye na mtu wa kumfuatilia. Kuingia kituoni bila ndugu hata mmoja anayejua uko wapi sishauri kwa yeyote.

Kumtanguliza wakili, au mdhamini

Hii ndiyo watu huitaka kwanza na kuielewa mwisho. Wakili anakwenda mahakamani, anaangalia jalada, anajua waranti ilitolewa lini na kwa nini, anazungumza na upande wa mashtaka, na anakupangia siku ya kufika naye. Asichoweza kwa kawaida ni kukufutia waranti wewe ukiwa umejificha Monduli. Mahakama inakutaka wewe. Siku itafika utasimama pale pale alipotaka usimame yule hakimu, tofauti ni kwamba utakuwa na mtu wa kukusemea.

Kulala ndani: hatari inapungua, kwa kuwa unaingia siku ambayo hakimu yupo na maombi yameandaliwa. Gharama: ndiyo kubwa kuliko zote, elewaneni kabla, na hakikisha ni wakili mwenye leseni hai, maana nje ya mahakama huwa hakukosi watu wenye tai na mkoba. Asiye na uwezo aulizie msaada wa bure. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imetuweka sisi wasaidizi na mawakili wa kujitolea kwa kazi hiyo, ingawa msaidizi hawezi kukusimamia mahakamani kama wakili. Kasi: polepole. Na katika hizo siku mbili tatu waranti iko hai. Wakili yuko kwenye fotokopi, wewe unadakwa soko la Kilombero ukinunua vitunguu. Jalada: safi, kama mlifika siku mliyosema. Mkipanga kisha usitokee, wakili amepoteza uso wake na wewe umepoteza zaidi.

Mdhamini akitangulia badala ya wakili ni habari nyingine. Yeye hana uwezo wa kukutetea, ila ana maslahi yake: mahakama inaweza kumtaka aeleze kwa nini asilipe kiasi alichosaini. Mjomba wa yule kijana wa Sanawari alilijua hilo, ndiyo maana aliandika vile. Mdhamini anayekwenda mwenyewe kusema "nimempata, namleta kesho" anajiokoa na anakuandalia njia.

Inawafaa wenye makosa mazito, wenye kesi ya washtakiwa wengi, walio nje ya nchi, na wale ambao jina kwenye hati kweli si lao. Huyu wa mwisho asijipeleke peke yake kueleza mkanganyiko wa majina asubuhi yenye mashauri 30.

Na kukaa kimya?

Sikuiweka kwenye vigezo kwa sababu haina cha kulinganisha. Kesi inaweza kusikilizwa bila wewe, hukumu ikatoka, na baadaye ukabaki kuiomba mahakama ikubali kuwa ulikosekana kwa sababu zilizo nje ya uwezo wako na kwamba una utetezi. Kulala nyumbani kwa shemeji si mojawapo ya sababu hizo.

Kama karatasi ni ya deni

Hapa wengi huchanganya. Waranti inaweza kutoka kwenye kesi ya madai: ulishindwa, hukulipa, na aliyeshinda ameomba ukamatwe uwe mfungwa wa madai. Dhamana siyo lugha ya hapa. Ukilipa kiasi kilichoandikwa pamoja na gharama, unaachiwa. Usipolipa unaweza kuwekwa ndani hadi miezi 6, na posho ya chakula chako inatolewa na huyo huyo anayekudai, jambo ambalo huwafanya wadai wengi wapende makubaliano kuliko wanavyoonyesha. Anayekuja kukukamata kwa deni haruhusiwi kuingia nyumbani kwako baada ya jua kuzama na kabla halijachomoza. Nenda mahakamani na mpango wa kulipa kwa awamu wenye tarehe, siyo na machozi.

Wewe uko wapi kati ya hawa

Ulisahau tarehe, kosa linadhaminika, wadhamini wapo: mahakamani, Jumatatu hadi Alhamisi, kabla ya saa mbili asubuhi, na ushahidi wa ulikokuwa. Kama ulikuwa umelazwa, chukua karatasi za hospitali zenye tarehe. Kama ni safari ya wageni Serengeti, barua ya kampuni.

Waranti ina maelekezo ya dhamana mgongoni: kituoni ni sawa, nenda na idadi ya wadhamini iliyoandikwa, asubuhi.

Hati imetoka wilaya ya mbali na nauli ni mzigo: anza na kituo cha hapa, lakini mdhamini wako aipigie simu mahakama ile kwanza ajue tarehe inayofuata.

Kosa halina dhamana: wakili kwanza, na familia ianze kupanga miezi, siyo siku.

Wewe ni shahidi uliyepuuza wito: ndiyo, shahidi naye hukamatwa. Jipeleke mahakamani, sababu yako mkononi. Kwa ninavyowaona, hawa ndio wanaomalizana na hakimu haraka kuliko wote.

Na kama unasoma hii Ijumaa saa tisa alasiri, kesi yako ni ya kudhaminika na hujamkuta mdhamini: tumia wikiendi kukusanya. Mfuate mtendaji nyumbani kwake leo umwombe barua, mtafute mdhamini wa pili, toa nakala za vitambulisho. Ukikutana na askari katikati usikimbie, mwambie ulikuwa unajiandaa kwenda Jumatatu na umwonyeshe hizo karatasi. Jumatatu wa kwanza kwenye benchi la nje awe wewe.